Gumegume: neno "flint" katika misemo ya Kiingereza na tafsiri zake za Kirusi

Gumegume, au jiwe la gumegume, ni jiwe gumu la rangi ya kijivu au nyeusi, ambalo likipasuliwa huacha kingo kali kama za kioo, na likigongwa kwa chuma cha pua hutoa cheche. Kiingereza huliita flint. Kirusi huliita кремень, linalotamkwa kremen kwa mkazo katika silabi ya mwisho. Maadamu linazungumzwa jiwe lenyewe, maneno haya matatu yanalingana vizuri na mfasiri hana la kuhangaikia. Matatizo huanza pale jiwe linapotoka ardhini na kuingia katika maelezo ya moyo, uso na mkono wa binadamu.

Waingereza wamelijua jiwe hili kwa ukaribu usio wa kawaida. Kusini na mashariki mwa nchi yao linapatikana kwa wingi ndani ya matabaka ya chokaa. Huko Norfolk, mahali paitwapo Grime's Graves, watu wa Zama za Mawe walichimba mashimo marefu ili kulifikia, na hadi leo makanisa mengi ya eneo hilo yana kuta za gumegume. Mji wa Brandon, katika jimbo la Suffolk, ulipata umaarufu kwa mafundi wake waliochonga vipande vya kufungia kwenye bunduki, ambavyo vingine viliuzwa hadi Afrika hata baada ya majeshi ya Ulaya kuacha bunduki za aina hiyo. Kwa Warusi kremen ni kwanza kabisa chombo cha kuwashia moto: jiwe, pamoja na kipande cha pua kiitwacho огниво (ognivo) na kitambi cha kudaka cheche kiitwacho трут. Hekaya ya Hans Christian Andersen iliyotoka mwaka 1835, ambayo Kiingereza huiita "The Tinderbox", kwa Kirusi huitwa "Огниво" tu. Kiingereza kimelitaja kasha lote. Kirusi kimetaja kipande cha chuma.

Inafaa kuongeza kwamba cheche hizo hazitoki katika jiwe. Jiwe, kwa kuwa ni gumu kuliko pua, huikwangua chembechembe ndogo sana, nazo ndizo zinazoungua hewani. Lakini lugha haikungoja fizikia. Kwa mzungumzaji wa kale moto ulikuwa umefichwa ndani ya jiwe, na imani hiyo ndiyo iliyozaa misemo kadhaa kuhusu watu wagumu ambao, wakigongwa sawasawa, huonyesha kwamba wana kitu ndani.

Msemo wa kwanza ni "a heart of flint", na kivumishi chake "flint-hearted". Unamhusu mtu asiye na huruma. Kirusi hakitumii kremen hapa. Husema каменное сердце, yaani moyo wa jiwe, bila kutaja ni jiwe gani. Kiswahili hufanya vivyo hivyo: moyo wa jiwe, au roho ngumu. Anayeandika "moyo wa gumegume" anaeleweka, ila anamlazimisha msomaji kusimama na kuutazama msemo ambao katika Kiingereza hupita bila kutazamwa. Katika maandishi ya dini au tamthilia ya mtindo wa zamani kusimama huko kunaweza kuwa na faida. Katika riwaya ya leo hakuna.

Kivumishi "flinty" kina jambo la kuvutia zaidi. Kiingereza husema "flinty eyes" au "a flinty stare" kwa macho makali, yasiyo na joto. Mrusi husema стальной взгляд, mtazamo wa chuma cha pua. Ni kana kwamba lugha hizi mbili ziligawana vifaa vya kuwashia moto, mmoja akachukua jiwe na mwingine chuma. Kwa Kiswahili yapo "macho makali" na "kumkazia mtu macho". Tahadhari iko kwenye "macho makavu", ambayo huwavutia wafasiri wanaoanza kwa sababu ya ule ukavu wa jiwe. Mkavu wa macho ni mtu asiye na haya, si mtu mkali.

Sasa tufikie neno lenye hatari kubwa kuliko yote. Mrusi anaposema не человек, а кремень, yaani "si mtu bali ni gumegume", au кремень-мужик, anasifu. Anamaanisha mtu mwenye msimamo, asiyeyumba, asiyetoa siri hata akiteswa. Kamusi za Kirusi za zamani hutoa pia maana ya bahili, lakini kwa mzungumzaji wa leo sifa ndiyo inayotangulia. Kiingereza hakina sifa hiyo: "a man of flint" husomeka kama mtu katili, na ndiyo maana wafasiri wazuri wa Kiingereza huligeuza jiwe na kusema "rock" au "iron". Kiswahili kina shida tofauti kabisa, kwani katika mazungumzo, hasa Tanzania, "mwanamume gumegume" au "mume gumegume" ni tusi. Ni mwanamume asiye na faida, asiyewajibika, ambaye yupo nyumbani kama bunduki kuukuu iliyotundikwa ukutani. Maana hiyo haishangazi ikikumbukwa kwamba gumegume ni jina la jiwe na pia la bunduki yenyewe ya kizamani, ambayo hata ikilengwa vizuri haikuwa na hakika ya kulia.

Mfasiri wa Kiswahili mara nyingi huifikia fasihi ya Kirusi kupitia tafsiri ya Kiingereza, na hapo ndipo sentensi moja ya sifa inapoweza kuharibika mara mbili. Chukua maneno ya mama wa Kirusi anayemsifu mwanawe aliyekataa kuwataja wenzake mbele ya askari: кремень. Tafsiri ya Kiingereza iking'ang'ania neno itasema "flint", na kijana atakuwa na moyo mgumu. Mfasiri wa Kiswahili akiifuata atasema "gumegume", na kijana atakuwa hafai kitu. Mama amekuwa akimtukana mwanawe bila kujua. Tafsiri inayofaa ni "mwamba" au "chuma": "mwanangu ni chuma", au, kwa lugha ya vijana, "huyu ni mwamba". Lugha ya sanifu zaidi ingesema "ana msimamo usioyumba", jambo lililo sahihi japo limepoa kidogo.

Msemo wa "to set one's face like a flint" asili yake ni Biblia, Isaya 50:7, na maana yake ni kukusudia jambo na kulielekea bila kugeuka, hata kama kuna aibu na mateso njiani. Hapa, kwa nadra, lugha zote tatu zimekubaliana. Tafsiri ya Sinodi ya Kirusi, iliyokamilika mwaka 1876, imetumia кремень, na Biblia ya Kiswahili ya Union Version imetumia gumegume. Kwa hiyo, msemo ukitokea katika hotuba au mahubiri yanayoielekeza akili ya msikilizaji kwenye Maandiko, neno libaki. Ukitokea katika habari za siasa, ambako Waingereza huutumia bila kufikiria Biblia, Mrusi atachagua непреклонно, yaani "bila kupinda", na Mswahili ana "kupiga moyo konde" au "kushikilia uamuzi wake". Lisilofaa kabisa ni "uso mkavu". Nabii aliyejitoa kwa mateso hawezi kufanywa mtu asiye na soni.

"Skinflint" ni bahili wa kupindukia. Picha iliyomo ni ya mtu ambaye, akitumaini kupata japo senti moja, angejaribu kulichuna ngozi jiwe la gumegume. Kirusi kimejaa maneno ya aina hii: скряга ni bahili anayejinyima hata yeye mwenyewe, жмот ni la mitaani na lina dharau zaidi, na kuna usemi kwamba mtu fulani humwombi theluji wakati wa baridi akakupa. Usemi huo wa theluji ndio unaolingana na "skinflint" kwa ladha, kwa kuwa wote wawili una mzaha wa kitu kisicho na thamani. Kiswahili kina "mkono wa birika", nao mzaha huo unao. Wanafunzi wazingatie pia tofauti ya bahili na mchoyo. Mchoyo hataki kugawa alichonacho. Bahili huona uchungu kutumia, hata kwa tumbo lake mwenyewe. "Skinflint" na скряга wote ni mabahili.

Bunduki ya gumegume imeacha misemo ambayo jiwe lenyewe limefutika ndani yake. "A flash in the pan" hutokana na baruti iliyowaka nje, katika kisahani kidogo, bila moto kufika ndani ya mtutu: mwako, moshi, na risasi haitoki. Leo ni mafanikio ya muda mfupi yasiyorudiwa. Kirusi kina однодневка, kitu cha siku moja. Kiswahili kina "moto wa mabua" na, kwa lugha ya kawaida, "nguvu ya soda". Kwa bunduki iliyokataa kulia Mrusi ana осечка, na husema mpango umetoa осечка pale ambapo Mswahili angesema umegonga mwamba. (Huyo mwamba si yule wa kusifiwa.) "Lock, stock and barrel" ni sehemu tatu za bunduki, yaani mtambo, kitako na mtutu, kwa maana ya kitu kizima bila kubakisha. Kirusi kina целиком и полностью. Filamu ya Guy Ritchie ya mwaka 1998 iliyoucheza msemo huo ilipewa jina la Kirusi "Карты, деньги, два ствола", maana yake "Karata, pesa, mitutu miwili". Wafasiri waliuacha msemo na kushika mdundo wa vitu vitatu, na jina hilo limependwa.

Katika kiberiti cha gesi Waingereza bado husema "flint" na Warusi bado husema кремень, ingawa kilichomo si jiwe bali ni aloi ya chuma na seri iliyobuniwa na Carl Auer von Welsbach mwaka 1903. "Jiwe la kiberiti" linatosha.

Maneno ya sayansi yanahitaji uangalifu zaidi. Elementi ya 14, ambayo Kiingereza huiita "silicon" kutokana na neno la Kilatini la gumegume, Kirusi huiita кремний, kutokana na kremen. Bonde maarufu la kompyuta huko California kwa Kirusi ni Кремниевая долина. Wengi hulikosea na kusema Силиконовая, na hapo linakuwa bonde la ile dutu laini ya kuzibia mabomba na kutengenezea vyombo vya kuokea. Kiswahili hakiwezi kumcheka Mrusi, kwa kuwa neno "silikoni" linabeba vitu vyote viwili.

Majina hayatafsiriwi. Nahodha Flint wa "Treasure Island", riwaya iliyojulikana kwa Kiswahili kama "Kisiwa chenye Hazina", ni Флинт kwa Kirusi, na kasuku aliyepewa jina lake vilevile, japokuwa msomaji wa Kirusi halisikii jiwe ambalo Mwingereza hulisikia. Mji wa Flint, Michigan, pia hubaki Flint. Katika habari za maji yake yaliyochafuka kuanzia mwaka 2014, iandikwe "madini ya risasi", si "risasi" peke yake, kwani pembeni ya jina kama hilo msomaji ataanza kutafuta bunduki.