Ngome Iliyobaki Jina

Makanga akiita "Corner! Corner!" kwenye Ngong Road, ni abiria wachache wanaojua kuwa Dagoretti iliwahi kuwa na ngome. Oktoba 1890, Kapteni Frederick Lugard wa kampuni ya Imperial British East Africa alifika hapa akielekea Uganda. Alikula kiapo cha undugu wa damu na Waiyaki wa Hinga, akajenga boma la magogo. Mwezi uliofuata akaendelea na safari, akamwachia George Wilson. Watu wa kampuni wakazidi kuwasumbua wenyeji, kiapo kikavunjika, na mwaka 1891 Wilson akaihama ngome. Ikaharibiwa. Kampuni ikajenga nyingine kule Kabete, Fort Smith. Waiyaki alikamatwa Agosti 1892, akasafirishwa kuelekea Pwani, akafia Kibwezi.

Mambo makubwa hayo, na yalitokea mtaani kwetu. Lakini ukienda Mombasa utaonyeshwa Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, tena iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2011. Jiwe lina bahati: hata anayelichukia analiona. Boma la magogo linaoza. Kinachobaki ni udongo uliobadilika rangi pale nguzo zilipochimbiwa, makaa, ushanga, vigae vya chungu. Mwanaakiolojia huvisoma hivyo taratibu kwa mwiko na brashi. Tingatinga huvizoa asubuhi moja, lori likaenda kuvimwaga.

Na siku hizi, kuanzia Kilimani hadi Riruta, kila ploti ni mjengo. Lavington wanachimba chini kabisa ili magari yapate pa kuegeshwa.

Sheria ipo. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale aijulishe Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7. Sawa, lakini anayegundua ni nani? Ni kijana wa mjengo anayelipwa kwa siku. Akipiga kelele, kazi itasimama, na kesho hana chapaa. Mwenye ploti naye ana mkopo wa benki. Sheria imemkabidhi mzigo mtu ambaye kunyamaza kunamlipa.

Mwaka 2020, barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo ilipokuwa ikija Westlands, mugumo mkongwe ulikuwa ung'olewe pale Waiyaki Way, barabara yenye jina la mzee yuleyule. Watu wakapiga picha, wakaandika, wakaandamana. Novemba ikatoka amri ya serikali: mti usiguswe. Nilifurahi sana. Ila mugumo ulikuwa na urefu wa ghorofa kadhaa, kila aliyekwama kwenye jam aliuona. Shimo la nguzo ya 1890 nani atalipigia picha?

London, kabla ya makao ya Bloomberg kujengwa, wanaakiolojia walichimba kwanza. Walitoa vibao vya mbao zaidi ya 400 vya enzi za Warumi, vingine vikiwa na maandishi ya madeni na biashara. Jengo lilikamilika vilevile, likafunguliwa 2017.

Hapa kwetu tungeanza na kidogo: mashimo mawili matatu ya majaribio na wiki moja ya mtaalamu, kabla City Hall haijapiga muhuri kibali cha ujenzi. Kwa jengo la ghorofa 12, gharama hiyo haifiki hata bei ya lifti.