Jumapili Zisizo na Magari: Mafuta ya 1973 na Njia ya Baiskeli

Jumapili ya tarehe 4 Novemba 1973, barabara kuu za Uholanzi zilinyamaza. Watu walitoka majumbani mwao wakatembea kwa miguu katikati ya njia zilizojengwa kwa ajili ya mwendo wa kasi. Wengine wakapanda baiskeli, na watoto wakacheza pale ambapo siku moja kabla yake hakuna mzazi ambaye angethubutu kumwachia mwanawe avuke peke yake. Serikali ndiyo iliyoamuru hivyo. Vita vya Oktoba, baina ya Misri na Syria kwa upande mmoja na Israel kwa upande wa pili, vilikuwa vimezaa vikwazo vya mafuta. Nchi za Kiarabu ziliamua kuzinyima mafuta Marekani na Uholanzi kwa sababu ya kuiunga mkono Israel, na bei ya pipa moja, iliyokuwa yapata dola 3, ikakaribia dola 12 ilipoingia Januari 1974. Katika mwezi huohuo Jumapili hizo zilikoma, na magari yakarudi.

Habari hii hupendwa kusimuliwa kana kwamba Waholanzi waliamka siku hiyo wakaigundua baiskeli. Historia haisemi hivyo. Baiskeli walikuwa nayo tangu karne ya 19, na kabla ya Vita Vikuu vya Pili ilikuwa imetamalaki katika njia za miji yao. Katika miaka ya 1950 na 1960 walikuwa wakiiacha. Kipato kilipanda, magari yakaongezeka, na baiskeli ikaanza kutazamwa kuwa ni masalio ya siku za dhiki. Mwaka 1967 Mmarekani David Jokinen alitoa mpango wa kuingiza barabara pana ya magari hadi kwenye moyo wa Amsterdam, na mitaa ya watu wa kipato cha chini ndiyo ambayo ingebomolewa kuipisha.

Kilichowageuza ni misiba. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 waliuawa katika barabara za nchi hiyo ndogo, na zaidi ya 400 miongoni mwao walikuwa watoto. Mwaka uliofuata mwandishi wa gazeti, Vic Langenhoff, ambaye binti yake aligongwa na gari akafa, aliandika makala ya kutaka mauaji ya watoto yakomeshwe. Anwani ya makala hiyo ikawa jina la harakati. Wazazi walifunga mitaa kwa miili yao, wakadai watoto wapate pa kuchezea na pa kupitia wendapo skuli.

Hivyo basi, vikwazo vya mafuta vilipokuja, dai lilikuwa limekwisha kuwa vinywani mwa watu. Jumapili za kimya ziliwapa ushahidi: kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi waliuona mji wao bila ya magari, na wakaona kwamba unaendelea kuishi. Dai, msiba na upungufu wa mafuta vilikutana wakati mmoja, na dola ikalazimika kufungua mfuko wake.

Kazi haikuwa nyepesi. Katikati ya miaka ya 1970 zilijengwa njia za mfano za baiskeli katika miji ya Den Haag na Tilburg, na wenye maduka wakazipinga kwa hofu ya kupoteza wateja. Ikadhihirika pia kwamba njia moja nzuri, peke yake, haiongezi sana idadi ya wapanda baiskeli. Huwahamisha tu waliokuwa wakipita mtaa wa pili. Mji wa Delft ulizingatia funzo hilo, na katika miaka ya 1980 ukaunganisha njia zake zikawa mtandao mmoja: njia kuu za kuvuka mji, njia za kati, na vichochoro vya kumfikisha mtu hadi mlangoni pake. Leo zaidi ya robo ya safari za Waholanzi hufanywa kwa baiskeli, na katika miaka ya karibuni wanaokufa barabarani kwa mwaka wamekuwa chini ya 800, ingawa watu na magari vimeongezeka sana.

Dhoruba ya mwaka 1973 ilitupiga na sisi. Tanzania, isiyo na mafuta yake yenyewe, ilijikuta ikilipa fedha nyingi zaidi kwa shehena ileile. Miaka sita baadaye bei ikapanda tena, na mara hii hazina ilikuwa imekwisha kukamuliwa na vita vya Kagera. Katika miaka hiyo ya upungufu magari ya binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Kwa hivyo, Jumapili ya kimya aliijua mkaazi wa Dar es Salaam kama alivyoijua mkaazi wa Amsterdam.

Tofauti imo katika kilichobakia. Kwetu marufuku ilikuwa ya petroli tu. Barabara yenyewe haikuguswa. Mafuta yalipopatikana na amri ikaondolewa, magari yaliikuta njia kama yalivyoiacha. Na hapa pana kinaya, kwani baiskeli haikututoka hata siku moja. Mchuuzi wa samaki ameitumia kutoka diko hadi sokoni, tenga likiwa nyuma. Muuza makaa, fundi na mwanafunzi wameitumia vilevile. Hata neno bodaboda, ambalo leo lina mngurumo wa injini, lilizaliwa katika miaka ya 1960 kwenye mpaka wa Kenya na Uganda pale Busia, likiwa ni jina la baiskeli zilizobeba abiria. Chombo tulikuwa nacho, na ustadi wa kukitumia tulikuwa nao. Tulichokikosa ni mahali pake barabarani, na aliyekipanda akafunzwa kujibanza ukingoni, kwenye mchanga, na kuomba Mungu kila lori lipitapo.

Kuijenga njia kwa kuufikiria mwili wa msafiri si jambo geni visiwani. Pale Bungi, kusini ya mji wa Unguja, msafiri alipita chini ya safu mbili za miembe ambayo masimulizi huinasibisha na Bi Khole, binti wa Seyyid Said. Aliyeipanda alijua kwamba katika jua letu kivuli ni sehemu ya barabara. Ndivyo ilivyo kwa mpanda baiskeli pia: njia iliyotengwa bila ya mti hata mmoja itaachwa tupu ifikapo saa sita za mchana.

Jitihada zimekuwapo. Barabara ya mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, iliyoanza kazi Mei 2016, ilijengwa pamoja na njia za waendao kwa miguu na za baiskeli, na mwaka 2018 jiji hilo lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Lakini funzo la Delft linatungoja hapo. Mpanda baiskeli anayefikishwa salama hadi mwisho wa njia, kisha akatupwa katikati ya malori, hatampa mwanawe baiskeli.

Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya mafuta, Serikali ya Muungano ilianza kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi ili kuipunguza makali. Wananchi walipata nafuu, na hapana wa kuwalaumu kwa kuipokea. Lakini fedha ile iliteketea pamoja na petroli iliyoinunua. Wahenga walisema baada ya dhiki faraja. Lililo gumu ni kukumbuka katika faraja tulichofunzwa na dhiki. Katika miaka hii ya 2020 barabara nyingi za Unguja na Pemba zinajengwa upya na kupanuliwa. Lami ikishakauka, itachukua umri wa mtu kuibadilisha. Basi huu ndio wakati wa kuuliza, michoro ikiwa bado mezani, mtoto wa skuli mwenye baiskeli atapita wapi, na nani atampandia miti.