Irente: Ukingo Uliotawala Milima ya Usambara

Anayetafuta mlima wa kupanda na kushuka siku hiyohiyo kwa kawaida huuliza urefu wake, saa zitakazotumika, na kitakachoonekana juu. Kwa matembezi ya kutoka mji wa Lushoto hadi ukingo wa Irente, katika Usambara Magharibi, maswali mawili ya kwanza yana majibu mepesi. Lushoto wenyewe uko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hivyo kazi kubwa ya kupanda imekwisha kufanywa na gari lililotoka Mombo, chini ya milima. Kutoka mjini hadi ukingoni ni kilomita tano au sita za mwinuko wa taratibu, na mtu mwenye afya ya kawaida, hata kama hajawahi kuvaa viatu vya kupandia mlima, hufika kwa saa mbili bila kuhema sana. Swali la tatu ndilo lenye uzito. Kinachoonekana kutoka Irente ni karibu miaka mia tatu ya historia, imetandazwa chini kwenye nyika.

Njia inapita kijiji cha Yoghoi, katikati ya mashamba ya kabichi, karoti na maharage, huku migomba ikizunguka nyumba. Asubuhi mgeni hukutana na kina mama waliojitwika matenga kuelekea sokoni, na salamu ya pale ni “Onga maundo”. Anayeijua hupunguza mwendo na kuijibu ipasavyo, maana Msambaa hapitwi njiani kama mti. Mbele kidogo ya shamba la Irente, la Kanisa la Kilutheri, linalojulikana kwa jibini na jamu zake, ardhi inakwisha ghafla. Jabali linashuka karibu mita 1,000 mpaka Mazinde, na kutoka hapo nyika inanyooka hadi macho yanapochoka.

Wageni wengi husimama hapo, wakapiga picha na kurudi. Ni hasara kubwa, kwa sababu ukingo huu kwa wenyeji wa kale haukuwa mahali pa kutazamia. Ulikuwa mahali pa kuishi. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeandika kwa kina juu ya ufalme wa Wasambaa, alionyesha kwamba vijiji vya zamani vilipenda kukaa karibu na kingo za milima ili vifaidi pande mbili. Juu kulikuwa na mvua, ubaridi na migomba. Chini kulikuwa na joto lililoivisha mazao mapema na wanyama wa kuwinda. Mwaka ambao mvua ilikosea upande mmoja, upande wa pili uliweza kuokoa nyumba. Lakini nyika ilikuwa na homa na maadui, basi watu walishuka kulima na wakapanda kulala. Anayetazama miteremko ya pale aikumbuke safari hiyo, iliyofanywa na watu wenye mizigo kichwani.

Hata asili ya ufalme wenyewe inasimuliwa kwa kuunganisha pande hizo mbili. Mbegha, mwindaji kutoka milima ya Nguu, alifukuzwa kwao kwa kuhesabiwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Akahamia milimani na mbwa wake, akaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawapa wenyeji nyama, nao wakampa chakula cha shambani. Akaua simba. Mwishowe akafanywa mfalme huko Vuga, naye ndiye baba wa ukoo wa Wakilindi.

Ukoo huo ulifika kileleni chini ya Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala kwa muda mrefu hadi kufa kwake mwaka 1862. Mkono wake ulifika pwani, kati ya Pangani na Tanga, ambako madaraka yake yalikutana na ya Sultani wa Zanzibar. Mmisionari Ludwig Krapf alimtembelea Vuga mwaka 1848 akarudi tena 1852. Mwaka 1857 wakafika Richard Burton na John Speke, wakamkuta mzee sana. Wote hao walilazimika kupanda kwake. Mfalme alikaa juu, na mgeni, hata awe na barua ya nani, alitoka jasho kwanza.

Baada ya Kimweri mambo yakageuka, na yaligeukia pale pale mtazamaji wa Irente anapoelekeza macho. Kiti cha Vuga kilimwendea mjukuu, Shekulwavu. Lakini mmoja wa wana wa Kimweri, Semboja, alikuwa ameshika Mazinde, chini ya jabali. Njia ya misafara iliyotoka Pangani kwenda Kilimanjaro ilipita hapo, ikibeba nguo na bunduki kwenda bara na pembe za ndovu kurudi pwani. Utajiri wa zamani ulikuwa kodi ya watu wa milimani, na mfalme aliutumia kujenga heshima na kuleta mvua. Utajiri mpya ulikuwa barabarani. Semboja akapata bunduki, akapata wafuasi, akamfukuza Shekulwavu kutoka Vuga, akamweka mwanawe kwenye kiti. Yeye mwenyewe hakupanda kwenda kukalia Vuga. Alibaki Mazinde.

Uamuzi huo unaeleweka vizuri zaidi kwa dakika tano za kusimama Irente kuliko kwa kurasa nyingi. Anayekaa juu anaona kila kitu ila hakigusi. Anayekaa chini anaitoza ushuru kila shehena inayopita. Gharama ya uamuzi huo ililipwa na watu wa kawaida. Vita vya ndani vilileta mateka, mateka wakauzwa, na wengi waliishia kwenye soko la watumwa la pwani. Wabondei, walioko upande wa mashariki, waliasi na kuwatoa Wakilindi katika nchi yao. Ufalme uliojengwa kwa vizazi kadhaa ulipasuka kwa muda mfupi.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kuijali Mazinde. Abdallah bin Hemedi, aliyekuwa karani wa Semboja na baadaye liwali wa Tanga, aliandika Habari za Wakilindi, moja ya kazi kubwa za mwanzo za historia kwa nathari ya Kiswahili. Ilichapwa Magila kwa sehemu, kati ya 1895 na 1907, ikatolewa tena kama kitabu mwaka 1962. Hadithi ya Mbegha imewafikia wengi kwa kalamu yake, kalamu iliyoijua baraza ya mtu aliyeupindua ufalme huo. Kitabu hicho kinastahili kusomwa kabla ya kufunga mkoba wa safari, si baada.

Wajerumani walipokuja walijua wapi pa kushika. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mtawala wa Vuga, na tangu hapo watawala wa Kilindi wakatawala kwa ruhusa ya mgeni. Reli iliyoanza Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905. Lushoto ukaitwa Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wa Ujerumani, ukawa makao ya wilaya na mahali pa maofisa kukimbia joto la pwani. Chini, mistari iliyonyooka ya mkonge ikaanza kuchora nyika. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida. Katika miche yake 1,000 ni 62 tu iliyofika hai, na kutoka hiyo likazaliwa zao lililoitawala Tanga kwa miongo mingi. Kutoka ukingoni mashamba hayo yanatambulika kwa unyoofu wake, na kando yake reli na barabara kuu vinafuata bonde lile lile la misafara. Treni za abiria, zilizokuwa zimesimama kwa miaka mingi, zilirudi kwenye reli ya kaskazini mwaka 2019.

Mwingereza naye aliacha alama, ila hii inatafutwa miguuni, si kwenye upeo wa macho. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilihofia mmomonyoko wa udongo. Mwaka 1946 ikaanzisha mpango Mlalo, kisha ikaueneza Usambara, ikiwalazimisha wakulima kujenga matuta kwenye miteremko. Kazi ilikuwa ngumu, sehemu kubwa iliwaangukia wanawake, na watu waliamini kwamba ardhi iliyotengenezwa hivyo ingenyang’anywa. Wakakataa. Chama cha TANU kikayabeba malalamiko yao, na mwaka 1957 mpango ukaachwa. Hofu ya udongo yenyewe haikuwa ya uongo: mto wowote wa pale baada ya mvua kubwa huonyesha rangi ya shamba la mtu. Kosa lilikuwa kutibu ardhi kwa kumdharau mwenye ardhi. Mradi wa Tanzania na Ujerumani Magharibi ulioanza 1981 ulijaribu njia nyingine, ya majani ya malisho na miti iliyopandwa kufuata mkato wa mlima, na mistari ya namna hiyo bado inaonekana hapa na pale kwenye mashamba.

Utalii wa miguu ulipata mpangilio katika miaka ya 1990, shirika la Kiholanzi la SNV liliposaidia vikundi vya wenyeji Tanzania kupokea wageni wenyewe. Lushoto ukawa miongoni mwa vituo vya mpango huo. Ni vyema kumchukua kiongozi kutoka mjini hata kama njia ni rahisi, na kumwuliza kuhusu Semboja badala ya kumwuliza umbali uliobaki. Machi hadi Mei udongo mwekundu huteleza na ukungu hufunika nyika yote, basi Juni hadi Oktoba ndio wakati wa kwenda, asubuhi, kabla vumbi la chini halijapanda. Mwenye siku ya pili aitumie kwenda Vuga, kupitia Soni, akaone upande ambao Semboja aliukataa.