Dau lilitangulia garimoshi

Juzi nilikuwa Katito nikingoja matatu ya Kendu Bay. Kijana mmoja akaniuliza, “Lakini mwalimu, si Kiswahili cha vyombo vya majini kililetwa huku na reli?” Wengi husema hivyo. Sivyo.

Reli ilifika Kisumu, Port Florence ya wakati huo, Desemba 1901. Meli ya William Mackinnon, iliyoletwa kwa vipande, ilikuwa ziwani tangu 1900. “Meli” lenyewe limetokana na neno la Kiingereza mail, yaani barua, maana vyombo hivyo vya moshi ndivyo vilivyozibeba.

Dau je? Stanley alipolizunguka ziwa kwa Lady Alice mwaka 1875, alipata habari za Songoro, mfanyabiashara aliyekuwa akiunda dau huko Ukerewe. (Naam, chombo huundwa, nyumba ndiyo hujengwa.) Hiyo ni miaka 26 kabla ya garimoshi! Wajaluo walikuwa na yie yao tayari, wakipiga makasia. Dau na tanga, kwa majina yake ya pwani, vilifika Nyanza kwa njia ya misafara ya Tabora, kwa miguu.

Matatu ilikuja kabla sijamjibu.