Kumkasirikia Mungu wakati wa kuuguza

Kumkasirikia Mungu ni hali inayowapata waumini, hasa wanaomuuguza mtu wa karibu kwa muda mrefu, ambapo lawama haiendi kwa daktari wala kwa ugonjwa bali kwa Mungu mwenyewe: alikuwa na uwezo wa kuponya na hakuponya. Watu huichanganya na ukanamungu, ingawa asiyeamini hana wa kumlaumu.

Biblia imejaa malalamiko ya namna hii. Ayubu, aliyefiwa na watoto kumi kisha akapigwa majipu mwili mzima, anadai Mungu aje wahojiane. Rafiki zake wanamtetea Mungu kwa ufasaha mkubwa, na mwishoni (42:7) ni wao wanaokemewa. Zaburi ya 88 inaishia gizani bila neno la tumaini. Katika Yohana 11, Martha na Mariamu, kila mmoja kwa wakati wake, wanamwambia Yesu jambo moja: angalikuwapo, ndugu yao hangalikufa. Yesu alikuwa ameletewa habari za ugonjwa, akakaa siku mbili zaidi pale alipokuwa. Dada hao hawakemewi. Hata hivyo, makanisa yameweka mpaka. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (1992) inayahesabu maneno ya chuki na ukaidi dhidi ya Mungu kuwa kufuru. Kwenye misiba ya Afrika Mashariki mpaka huo huwekwa na waombolezaji wenyewe, kwa kumwambia mfiwa kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Rafiki za Ayubu wangeikubali kauli hiyo bila shida.

Kisa kilichoandikwa kwa uwazi kuliko vingi ni cha C. S. Lewis, mwandishi wa Uingereza aliyezaliwa Belfast mwaka 1898. Mama yake alikufa kwa saratani mwaka 1908, mtoto akiwa na miaka tisa na akiwa amemwombea apone. Aliacha imani ujanani, akarudi kwenye Ukristo akiwa mtu mzima, na mwaka 1940 akatoa *The Problem of Pain*, kitabu kinachoeleza kwa utulivu kwa nini Mungu mwema huruhusu maumivu. Utulivu huo ulikuja kupimwa.

Aprili 1956 alifunga ndoa ya bomani na Joy Davidman, mshairi Mmarekani mwenye watoto wawili, hasa ili mama huyo aruhusiwe kubaki Uingereza. Miezi michache baadaye mfupa wa paja la Joy ulivunjika, na vipimo vikaonyesha saratani iliyokwisha kusambaa. Kwa kuwa Joy alikuwa ameachika, askofu hakuwaruhusu ndoa ya kanisani. Machi 1957 kasisi Peter Bide aliwafungisha ndoa kando ya kitanda cha hospitali mjini Oxford, akamwekea mgonjwa mikono na kumwombea. Joy, aliyetazamiwa kufa, akapata nafuu, akatembea tena. Wakasafiri Ireland, na Aprili 1960, saratani ikiwa imekwisha kurudi, wakaenda Ugiriki. Joy alifariki tarehe 13 Julai 1960, akiwa na miaka 45.

Hapo ndipo hasira ilipolipuka, na chanzo chake kinastahili kuangaliwa vizuri. Katika *A Grief Observed*, alichoandika kwenye madaftari baada ya mazishi, Lewis anahesabu matumaini waliyopewa: picha za eksirei, vipindi vya nafuu, uponyaji uliofanana na muujiza. Kilichomchoma zaidi kuliko kunyimwa ni kupewa kisha kunyang'anywa. Hofu yake haikuwa kwamba angeacha kuamini. Alihofu kuamini kwamba Mungu yupo na ni mkatili. Analiandika wazo hilo waziwazi, kisha siku inayofuata anakiri kwamba yale yalikuwa mayowe zaidi ya fikra. Baadaye anamlinganisha Mungu na daktari mpasuaji, ambaye kadiri anavyomtakia mgonjwa mema ndivyo asivyoachia kisu njiani. Hoja hiyo haimalizi swali, na Lewis hadai kwamba imelimaliza. Thamani ya kitabu ni kwamba mayowe hayakufutwa baada ya jibu kupatikana.

Utafiti wa saikolojia unakubaliana naye kwa sehemu. Julie Exline na wenzake, katika makala ya mwaka 2011 iliyowahusisha pia wagonjwa waliopona saratani, walionyesha kwamba hasira hukua pale mtu anapoona Mungu amedhuru kwa makusudi, na kwamba huweza kukaa moyoni pamoja na mapenzi kwa Mungu huyo huyo.

Kitabu cha Lewis kilitoka mwaka 1961 kwa jina la uongo, N. W. Clerk, na Joy akatajwa kwa herufi H tu. Mwandishi alikufa tarehe 22 Novemba 1963 akiwa bado Mkristo. Jina lake halisi liliwekwa kwenye jalada baada ya kifo chake.