Adapta Zilizoungua: Ukurasa Mdogo wa Historia ya Dodoma



Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ilhali ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nacho tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Kwa hiyo mashine za gemu, kama Famicom ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, tulizipata kwa kuchelewa. Zile nilizoziona mimi Dodoma zililetwa na jamaa waliosafiri, bila hata karatasi ya maelezo.

Hapo ndipo mkasa ulipoanzia. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100. Wetu ni 230. Adapta ya Famicom hupokea volti 100 na kutoa volti 10 za mkondo mnyofu. Ukiichomeka katika umeme wetu, transfoma yake hulemewa, koili hupata moto, kisha fyuzi ndogo ya joto iliyofichwa humo hukatika.

Nilifanya hivyo mwenyewe, likizo ya mwaka 1996. Mashine ilikuwa ya binamu yangu, aliyeletewa na mjomba baharia. Kabla hata hatujahangaika na picha, harufu ya kuungua ilifika jikoni. Binamu hakusema nami likizo nzima, na mashine ikalazwa chini ya kitanda kama marehemu.

Ilikaa huko miaka minne, hadi nilipoipeleka kwa fundi redio mmoja wa Majengo. Alipima adapta kwa avomita: sifuri. Akafungua mashine, akanionyesha kidhibiti namba 7805, kinachoshusha umeme hadi volti 5. Kifaa hicho huvumilia hadi volti 35 zinazoingia. Basi adapta ndiyo iliyokufa. Mashine ilikuwa nzima siku zote!

Nilitaka kuchomeka adapta ya redio papo hapo. Akanishika mkono. Famicom hutaka hasi katikati ya pini, na adapta nyingi nyingine huweka chanya. Sega ndiyo kichekesho: Mega Drive ya kwanza hutaka hasi katikati, ya pili chanya. Nayo adapta ya Nintendo iliyouzwa Marekani hutoa mkondo geu wa volti 9, kwa kuwa mashine ya kule ina daiodi zake ndani. Ukiitia katika Famicom, kapasita huweza kupasuka.

Vijana, anzeni kwa kusoma maandishi yaliyo juu ya adapta, kisha pimeni pini, kisha chunguzeni waya pale unapopinda karibu na pini, maana hukatikia hapo. Adapta yenyewe msiifungue ikiwa ukutani.

Fundi aligeuza nyaya mbili za adapta ya volti 9, taa ya televisheni ikawaka, picha ikatokea. Binamu aliitazama, akauliza jambo moja tu: nani atamlipa fundi. Nililipa mimi.