Deheni, Kalafati na Kufua Maji

Habari za kale za pwani ya Afrika ya Mashariki husimulia safari, bandari na masultani. Bali kazi iliyowezesha safari hizo hutajwa mara chache, kwa kuwa ilikuwa chafu, tena ilinuka. Twapenda kuieleza hapa, maana lugha imeihifadhi kuliko vitabu.

Mwenye chombo alikuwa na maadui wawili: mdudu wa baharini atobojaye mbao, na mwani na chaza washikao chini ya chombo na kuupunguza mwendo wake. Dawa yao ilikuwa deheni, yaani shahamu ya mnyama iliyoyeyushwa na kuchanganywa na chokaa, ikapakwa kwa mikono. Mbao za juu zilipakwa sifa, mafuta ya papa, ambayo uvundo wake haukutoka upesi mwilini mwa mpakaji. Ibn Jubayr, aliyepita bandari ya Aydhab katika Bahari ya Sham mwaka 1183, aliandika kwamba vyombo vya huko, vilivyoshonwa kwa kamba za kumbi, vilipakwa mafuta, na yaliyo bora ni ya papa.

Kazi hii ilingoja bamvua, lijalo mara mbili kila mwezi. Unguja maji ya bamvua hupanda na kushuka kama mita 4. Chombo kililetwa ufukoni maji yakijaa, kikapwelewa, kikategemezwa kwa gadi. Tangu kujaa hata kupwa ni kama saa 6 tu. Basi watu walikwangua chaza, wakauchoma mwani kwa mienge ya makuti, wakapaka deheni, wakishindana na bahari irudiyo. Palipokuwa na upenyo kati ya mbao, fundi alitia kalafati, yaani pamba yenye mafuta, akaisindilia kwa patasi na nyundo.

Kazi ya mwisho haikuwa na msimu. Katika ngama, penye giza na maji yaliyooza, baharia aliinama na upo wake akafua maji mchana na usiku. Mitepe ya Lamu, iliyoshonwa bila misumari, ilivuja sikuzote. Na vyombo vya kushonwa ni vya kale sana: Periplus, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, chasema kwamba mji wa Rhapta ulipewa jina kwa ajili yake.

Tuyatazame sasa maneno yenyewe. Deheni na shahamu yatoka katika Kiarabu. Kalafati hupatikana katika Kiarabu na Kireno pia. Lakini kufua ni neno la Kibantu. Yaelekea watu wa pwani walijifunza dawa nyingine kwa wageni, bali taabu ya kutoa maji waliijua wenyewe tangu zamani.

Ni nani waliofua? Wengine walikuwa watumwa, hata utumwa ulipokomeshwa kwa sheria Unguja mwaka 1897. Nahodha alitajwa kwa jina, hao hawakutajwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hayo ni ya nchi kavu. Baharini hapana ukuta wa kujenga, na ufa usiozibwa ni mauti ya wote, nahodha na mtumwa pamoja.

Lamu na Nungwi mafundi wangali wakiunda vyombo vya mbao. Mwalimu afundishaye habari za safari za kale na awaulize wazee maneno haya, ayaandike. Kisha awaulize wanafunzi wake swali moja: nani alikuwa ngamani?